DARUBINI NDOGO: USIDANGANYWE NA UKUBWA WA NAMBA

Huenda likizo inakaribia na familia yako imekwisha kuamua kwamba mwaka huu mtakwenda Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Nauli mmeiweka, kiingilio mmekiweka. Lakini ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka garini ovyo wala kuiacha njia, na simba hana desturi ya kusogea ili watoto wamwone vizuri. Mtu aliyetumia akiba ya miezi mingi aweza kurudi mjini akisimulia madoa ya rangi ya udongo yaliyokuwa chini ya mti.

Dawa ya jambo hilo ni darubini ndogo ya macho mawili, ile inayoingia katika mfuko wa koti. Taabu ni kuichagua, maana fedha za kununua ya pili hazipo.

NAMBA MBILI

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x25. Namba ya kwanza ni ya ukuzaji: kwa darubini hii, pundamilia aliye umbali wa mita 200 ataonekana kana kwamba yuko mita 25 tu. Namba ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Kioo hicho ndicho mlango wa mwanga.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Hudhani kwamba kwa kuwa 10 ni zaidi ya 8, basi 10x25 ni bora kuliko 8x25. La hasha! Kinachokuza mnyama hukuza pia mtetemo wa mkono, na picha inayochezacheza haimfai mtu. Zaidi ya hayo, kadiri ukuzaji unavyozidi ndivyo eneo linaloonekana linavyokuwa dogo kwa kawaida, hata mtoto akahangaika kumtafuta twiga ambaye baba anamwona kwa macho matupu.

Kisha kuna suala la mwanga. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, nawe utapata upana wa mwali unaoingia jichoni. Kwa 8x25 ni milimita 3 na kidogo. Kwa 10x25 ni milimita 2.5. Juani mboni ya jicho husinyaa hadi kiasi cha milimita 2 au 3, kwa hiyo zote mbili zinatosha. Lakini alfajiri na jioni, saa ambazo simba huwa katika shughuli zake, mboni hupanuka na mwali mwembamba hautoshi tena. Picha huwa na giza. Kwa familia, basi, 8x25 ni chaguo la busara. Kama hamchukii uzito zaidi kidogo, 8x32 hulipa jicho mwali wa milimita 4.

UKIWA DUKANI

Usilipe kabla ya kupima. Ukioneshwa darubini ya kiganjani iliyoandikwa 30x60, omba rula upime kioo cha mbele. Kama hakifiki milimita 60, maandishi hayo ni uongo, na bidhaa yenye uongo usoni haina ukweli tumboni. Jihadhari pia na vioo vinavyong'aa rangi nyekundu kama taa ya breki. Vinapendeza kabatini, lakini hurudisha nje sehemu ya mwanga ambao ungefika jichoni, na rangi za mnyama hubadilika.

Toka mlangoni utazame nguzo ya mbali. Kwanza kunja bawaba ya katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Halafu fumba la kushoto, uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Ukifumbua yote na ukaona nguzo mbili, au macho yakauma, irudishe mezani.

Mwenye miwani aijaribu akiwa ameivaa, akikunja mipira ya kuegeshea macho. Darubini imfaayo ni ile inayoonesha picha nzima jicho likiwa nyuma ya kioo kwa milimita 15 au zaidi. Mtoto naye aende dukani, kwa sababu macho yake yamekaribiana, na bawaba nyingine hazikunjiki kiasi hicho.

Kama mnanunua iliyokwisha tumika, imulike ndani. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa vioo katika unyevu wa pwani yetu. Ndiyo sababu darubini haihifadhiwi ikiwa imelowa, wala haifutwi kwa kanga yenye mchanga.

ONYO KWA WAZAZI

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye darubini sharti aambiwe asitazame jua, hata kwa nukta moja. Mwanga uliokusanywa huunguza ndani ya jicho pasipo maumivu, na mtoto hatajua kwamba ameumia hadi uoni wake umekwisha haribika.

Na baada ya safari, msiifungie sandukuni. Kutoka viti vya juu vya uwanja wa mpira itakuonesha namba ya mchezaji; kutoka ufukweni itakusomea jina la meli inayoingia bandarini; usiku itawaonesha watoto milima na mashimo ya mwezini. Chombo kinachotumika mwaka mzima hakikuwa anasa, alimradi kilichaguliwa kwa rula na kwa subira.