Kabla ya Kubadilisha Vikazio vya Gitaa la Zamani

Gitaa kavu lililorithiwa kutoka kwa mzazi, au lililonunuliwa mtumba, huweza kuwa na mbao nzuri na sauti iliyokomaa ilhali vikazio vyake vimechoka. Vikazio ni vifaa vya chuma vilivyopo kichwani mwa gitaa, ambavyo mpigaji huvizungusha ili kukaza au kulegeza nyuzi. Mlaji anayetaka kuvibadilisha anakabiliwa na hatari mbili: kulipia vifaa asivyovihitaji, au kurudishiwa gitaa lililotobolewa upya bila ridhaa yake. Fedha huweza kudaiwa. Mbao iliyokwisha kutobolewa hairudi ilivyokuwa.

1. Hakikisha kwamba kasoro iko kwenye vikazio

Ndani ya kikazio kuna skrubu ndogo inayozungusha gurudumu lenye meno. Kwa umbile hilo, kishikio huizungusha nguzo ya uzi, lakini mvuto wa uzi si rahisi kuirudisha nguzo nyuma. Kwa hiyo, gitaa linapopoteza ulinganifu wa sauti kila mara, chanzo huenda kikawa nyuzi kuukuu, uzi uliofungwa vibaya kwenye nguzo, au uzi unaonasa katika mfereji wa kipande kilichopo kati ya shingo na kichwa.

Anza na yaliyo nafuu: weka nyuzi mpya, kaza skrubu zilizolegea, na ikiwa gia ziko wazi, tia tone moja la mafuta ya cherehani bila kuyaacha yachuruzike kwenye mbao. Badilisha vikazio iwapo meno yamelika, nguzo imepinda, au kishikio kinazunguka huku nguzo imesimama.

2. Pima kabla ya kununua

Vikazio havina kipimo kimoja. Magitaa mengi ya zamani yana matundu ya kipenyo cha takriban milimita 8 hadi 9, ilhali vikazio vingi vya kisasa vyenye gia zilizofunikwa huhitaji takriban milimita 10. Pima mambo yafuatayo na uende dukani na kikazio kimoja cha zamani:

• kipenyo cha tundu na unene wa kichwa cha gitaa;
• umbali kati ya nguzo, endapo vikazio vitatu vimeshikana kwenye bamba moja. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni huwa na milimita 35, lakini ya zamani huweza kutofautiana;
• mahali yalipo matundu ya skrubu.

Namba kama 14:1 au 18:1 kwenye pakiti huonyesha kishikio kizungushwe mara ngapi ili nguzo izunguke mara moja. Namba kubwa hurahisisha ulinganishaji wa sauti. Si uthibitisho wa ubora.

3. Usiridhie kutoboa kwa haraka

Kupanua matundu huweza kupasua mbao na kushusha thamani ya gitaa. Tafuta kwanza vikazio vinavyolingana na matundu yaliyopo. Ikiwa tundu ni kubwa kuliko kikazio kipya, zipo pete za kupunguzia nafasi. Tundu la skrubu lililolegea huzibwa kwa kijiti na gundi ya mbao.

4. Kubalianeni kwa maandishi

Kabla ya kuliacha gitaa kwa fundi, lipige picha pande zote. Andikeni aina ya vikazio, gharama ya vifaa, gharama ya kazi, tarehe ya kukabidhiwa, na kama kutoboa kunaruhusiwa. Omba urudishiwe vikazio vya zamani pamoja na skrubu zake. Dai risiti ya EFD na uitunze.

5. Ukitendewa isivyo haki

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na inamtaka mtoa huduma kufanya kazi kwa uangalifu na ustadi. Ikiwa umeuziwa bidhaa bandia au kazi imeharibiwa, rudi kwanza kwa muuzaji au fundi ukiwa na risiti, makubaliano na picha. Msipoafikiana, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC).

Kumbuka: pima kwanza, andika makubaliano, ndipo ulipe.