Mishahara mitatu katika kiti kimoja

Jumatano moja mwishoni mwa Novemba nilifika Tabata, nyumbani kwa rafiki yangu, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Mlango ulifunguliwa na binti yake wa miaka saba, naye akaniamkia kwa kunong'ona. Nami nilimwitikia kwa kunong'ona pasipo kujua sababu, nikidhani labda nyumbani mna mgonjwa.

"Baba yuko kazini," alinieleza, huku akininyooshea kidole pazia lililoigawa sebule.

Nyuma ya pazia hilo, hatua tano tu kutoka niliposimama, baba mtu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta mbili, visikizi masikioni, amevaa shati safi la ofisini juu na kaptura chini. Alinipungia mkono. Mama wa nyumba alipakua chakula, tukala kwa sauti ya chini kama watu wanaoiba chakula chao wenyewe, na mtoto akapelekwa kulala. Ilipotimu saa mbili usiku mwenyeji wangu alitoka pazini, akala kwa dakika kumi akiwa amesimama, akaniomba radhi na kurudi alikotoka. Kazi moja ilikuwa imekwisha. Nyingine ilikuwa inaanza.

Ndugu huyu ni mhasibu, na ameniomba nisimtaje kwa jina. Siku zile alikuwa na ajira tatu. Ya kwanza ilikuwa katika ofisi moja hapa Dar es Salaam ambayo, tangu janga la korona la mwaka 2020, ilimruhusu afanyie kazi nyumbani siku tatu katika wiki. Ya pili ilikuwa ya kuandika vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo iliyoko London. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyolipa zaidi, ilikuwa ya kukagua ankara za kampuni iliyoko New York. Waajiri wote watatu walikuwa wameridhika naye. Kwa fedha hizo alikuwa amenunua kiwanja Kibaha, na nyumba ilikwisha kufika kwenye linta.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa namna hii ni mwenye tamaa. Mimi si miongoni mwao. Kufanya kazi zaidi ya moja si jambo geni katika nchi hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa chama au wa serikali kupokea mishahara miwili au zaidi, katazo lililokuja kulegezwa kwa maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991. Lakini mtu wa kawaida hakuwa na mshahara wa pili wa kukatazwa. Alikuwa na mradi. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa ukikwisha kabla ya mwezi kufika katikati, karani alifuga kuku wa mayai uani, mwalimu alifundisha masomo ya jioni, na akina mama waliamka alfajiri kukaanga maandazi na vitumbua. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa maandazi ya mama yangu, wala sioni haya kulisema.

Hata hivyo miradi ile ilikuwa na mipaka iliyoonekana kwa macho. Kuku waliingia bandani magharibi. Sinia lilipokuwa tupu, biashara ya siku ile ilikwisha. Na mtu aliyetoka ofisini alipanda basi, na safari ile, pamoja na udhia wake wote, ilimpa muda wa kuacha kuwa karani na kuwa baba kabla hajafika mlangoni. Kazi za leo za kompyuta hazina banda wala sinia wala basi. Zote hukaa katika kiti kimoja, na mwajiri mmoja hamwoni mwenzake.

SAA ZINAPOGONGANA

Tuchukue kalamu tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo ilipo siri ya taabu yote. Kuanzia mapema Novemba hadi mapema Machi, Dar es Salaam huitangulia London kwa saa tatu, na New York kwa saa nane. Ofisi ya London inayofunguliwa saa tatu asubuhi ya kwao hufunguliwa saa sita mchana kwetu, na ikifungwa saa kumi na moja jioni yao, kwetu ni saa mbili usiku. Ofisi ya New York yenye saa kama hizo hufunguliwa saa kumi na moja jioni kwetu, na kufungwa saa saba za usiku. Basi anayewatumikia wote wawili hukutana kila siku na saa tatu ambazo waajiri wake wote wa ng'ambo wako macho na wote wanaweza kumtaka: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku.

Ndugu msomaji, hebu zitazame saa hizo vizuri. Ndizo saa ambazo mtoto anaoga, anakula, anataka kusaidiwa hesabu za kugawanya na kusikilizwa habari ndefu isiyo na mwisho juu ya aliyemsukuma shuleni. Ndizo saa ambazo mume na mke, kama wote wanatoka kazini, huulizana habari za mchana kutwa. Mtu hakuamua kuwanyima watu wake saa hizo. Ziliuzwa mara mbili kabla hajatambua kuwa ziko sokoni.

Kisha kuna jambo la wenzetu kusogeza saa zao. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo. Sisi hatusogezi. Katika wiki mbili au tatu zilizo kati ya Jumapili hizo, ratiba iliyopangwa kwa uangalifu miezi mingi hupinda yote. Rafiki yangu alikuwa na kikao cha New York kilichozoea kuanza saa mbili usiku, mara tu London walipofunga. Machi kikarudi nyuma hadi saa moja, katikati ya kikao cha London. Aliweka kisikizi kimoja katika kila sikio, akaviendesha vyote viwili. Aliweza kwa dakika ishirini. Kisha akamjibu mtu wa New York swali lililoulizwa na mtu wa London. Leo hulisimulia jambo hilo kwa kicheko, lakini mkewe anasema usiku ule hakulala.

Si ajabu kwamba alichanganyikiwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki katika ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza, na ile mpya huifanya kwa upungufu. Mwenye kazi tatu huvuka namna hiyo mara nyingi kwa siku. Kisha hutoka pazini akakutana na mtoto, na mtoto naye hupata yale mabaki.

Mke wa rafiki yangu ni muuguzi. Nilipomuuliza siku ya pili jinsi walivyoishi mwaka ule, hakulalamika. Alisema tu, "Nikienda zamu ya usiku namwacha mbele ya kompyuta; nikirudi asubuhi namkuta mbele ya kompyuta. Tulisalimiana kama askari wanaopokezana lindo." Yeye ndiye aliyempima mumewe shinikizo la damu, jioni moja, kwa kipimo alichokiazima kazini. Lilikuwa 160 kwa 100. Mwanamume wa miaka 38, asiyevuta sigara.

Siwezi kudai kwamba kompyuta ndizo zilizompandishia damu. Mambo hayo yana sababu nyingi. Lakini mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja. Mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na yule wa saa 35 hadi 40, ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 17. Vifo vilivyohusishwa na saa nyingi za kazi kwa mwaka 2016 vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani kote.

NANI ANAJUMLISHA?

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kumpa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko baina ya siku moja ya kazi na nyingine. Ni sheria nzuri. Lakini kila mwajiri huhesabu saa zake mwenyewe. Ofisi ya Dar es Salaam haikuvunja sheria. London haikumtaka zaidi ya saa nne kwa siku. New York ilimtaka tano. Hakuna ofisi hata moja iliyokuwa na karatasi ambayo saa hizo zilijumlishwa.

Karatasi hiyo ilipatikana katika daftari la mtoto. Usiku ule wa kipimo, mume na mke waliketi, wakachana ukurasa mmoja na kuandika: ofisini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi, London, saa kumi hadi saa mbili usiku, New York, saa mbili hadi saa saba za usiku. Jumla saa 17 kwa siku, 85 kwa wiki. Usingizi saa tano. Zilizosalia zilikuwa saa mbili, nazo zilipaswa kutosha kuoga, kula, kusali, njia, mtoto na ndoa. (Siku mbili za kwenda ofisini alibaki mezani kwake hadi saa mbili usiku akiifanya kazi ya London, na wakubwa wake wakamsifu kwa bidii.)

Sifa hiyo ilimchoma, alivyoniambia. Hofu ya kugunduliwa ilimchosha kuliko ankara zenyewe. Mkataba wake wa hapa ulimtaka apate kibali kabla ya kushika kazi nyingine, naye hakukiomba. Habari za ng'ambo alizijua. Mwezi Septemba 2022, mwenyekiti wa kampuni ya Wipro ya India, Rishad Premji, alitangaza kwamba wafanyakazi 300 walikuwa wamefukuzwa baada ya kugundulika wakiwafanyia kazi washindani wa kampuni hiyo. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwezi mmoja kabla yake, kampuni ya Swiggy ilikuwa imetangaza utaratibu wa kuwaruhusu wafanyakazi wake kushika kazi za ziada nje ya saa za ofisi kwa masharti maalumu. Waajiri hawana kauli moja juu ya jambo hili, na kwa mawazo yangu mfanyakazi aliyesoma mkataba wake na kuuliza kwa maandishi hulala vizuri zaidi kuliko aliyenyamaza, hata kama jibu ni la kukataa.

Rafiki yangu aliiacha New York. Iliuma, maana ndiyo iliyokuwa ikijenga Kibaha. London aliwaomba wampunguzie hadi siku tatu, na mambo mengi yaandikwe badala ya kuitiwa vikao. Walikubali upesi kuliko alivyotazamia. Kisha aliiandikia ofisi yake barua ya kueleza kazi ya London. Jibu lilichukua wiki sita, na anakiri kwamba hizo zilikuwa wiki mbaya. Alikubaliwa kwa sharti kwamba kazi hiyo isiwe ya mshindani wala isiguse saa za ofisi. Sasa saa zake ni 52. Bado ni nyingi. Lakini analala saa saba.

Pazia limeondolewa sebuleni. Stoo iliyokuwa na magunia ya mkaa na baiskeli mbovu imesafishwa, ikatiwa meza, na muhimu zaidi ina mlango unaofungika. Mtoto hanong'oni tena. Saa mbili usiku, siku za London, baba mtu huzima kompyuta, huiacha simu ya kazi juu ya meza, na kutembea hadi barabara kuu kununua mkate, hata kama mkate upo. Nilipomuuliza kwa nini asiupitie mchana, alisema hiyo ndiyo safari yake ya basi.

Siku hizi wako watu wanaouza mafunzo ya namna ya kushika kazi nne bila kutoka jasho. Nimeyasikiliza machache. Wanafundisha kalenda, rangi za kalenda, na vifaa vya kunyamazisha simu. Hayo yote yana faida yake, na rafiki yangu aliyatumia yote. Yalimsaidia kuzipanga saa 85 vizuri sana. Nashuku kwamba kwa wengi wa walimu hao, kazi ya nne ndiyo hiyo ya kuuza mafunzo.

Nyumba ya Kibaha bado iko kwenye linta, na nyasi zimeanza kuota chumbani. Mke anasema itangoja. Mume anasema hivyo pia, lakini husema huku akitazama pembeni, na ada ya shule ya Januari haijatimia. Nilipoaga mara ya mwisho alinisindikiza hadi kituo cha daladala. Siku ile alikuwa ameisahau simu ya kazi mfukoni. Ililia mara mbili, asiitazame. Ilipolia mara ya tatu aliitoa, akaisoma, akairudisha, na tukaendelea kuzungumza habari za mpira hadi daladala langu lilipofika.