Kababu ya Oti: Ladha ya Nyama Hutoka Wapi?

Chukua maji vikombe vinne na nusu, tia sosi ya soya nusu kikombe, kitunguu maji kilichokatwa vidogo vidogo, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, binzari nyembamba, pilipili manga na mafuta kidogo. Yakishatokota sawasawa, mimina oti bapa vikombe vinne na nusu, koroga mara moja, funika, zima moto. Baada ya nusu saa ukifunua sufuria utakuta donge moja zito la rangi ya kahawia, na jiko zima linanukia kama mtu anakaanga nyama ya kusaga. Lowesha mikono, finyanga vidonge bapa kama vya katlesi, vipange kwenye trei iliyopakwa mafuta na uvioke kwa joto la nyuzi 175 kwa dakika 45, ukivigeuza katikati. Asiye na oveni avikaange kwenye kikaango kizito kwa mafuta machache, moto wa wastani, bila haraka.

Hamna nyama humo, wala yai. Swali lililonishika tangu siku nilipovila mara ya kwanza ni jepesi kuuliza: ile ladha imetoka wapi?

Kabla ya kulijibu, neno moja juu ya jina. Wengi wetu tunauita uji wa nafaka hii uji wa shayiri, na hata baadhi ya kamusi zinachanganya. Shayiri ni nafaka nyingine, ile ya kwenye Biblia na ya viwanda vya bia. Hii ninayoizungumzia wenye maduka huiita oti, na nitaiita hivyo hivyo, kwa sababu tofauti kati ya hizo mbili itatufaa mbele kidogo.

Kababu za oti zina kwao. Ni chakula cha nyumbani cha Waadventista Wasabato wa Marekani, kilichokuwa kikipokezanwa jikoni na kwenye vitabu vyao vya mapishi kwa vizazi. Kanisa hilo liliundwa rasmi mwaka 1863 katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, na mwaka huohuo Ellen White, mmoja wa waasisi wake, alianza kufundisha kile ambacho Wasabato wa Afrika Mashariki wanakiita matengenezo ya afya: kuacha pombe na tumbaku, kupunguza nyama au kuiacha kabisa. Mwaka 1866 walifungua nyumba ya tiba mjini humo, na miaka kumi baadaye ikakabidhiwa kwa daktari kijana wa miaka 24, John Harvey Kellogg. Huyu alikuwa na tatizo la kila siku. Wagonjwa wake walikuwa Wamarekani waliozoea nyama asubuhi, mchana na jioni, naye alitaka waiache bila kuona wameadhibiwa. Mwaka 1896 akaanza kuuza Nuttose, mkate mzito wa karanga uliofungwa kwenye kopo, na baadaye Protose, mchanganyiko wa karanga na protini ya ngano.

Kopo la kiwandani lina bei yake, lakini oti zilikuwa tayari kabatini. Tangu mwaka 1856 mhamiaji wa Kijerumani, Ferdinand Schumacher, alikuwa akizisaga mjini Akron, Ohio, na jina la Quaker lilisajiliwa kuwa alama ya biashara ya oti mwaka 1877. Wala oti hazikuwa ngeni kwa nyama. Waskoti huzichanganya na maini, moyo na mapafu ya kondoo kupata haggis. Wajukuu wa Wajerumani kule Cincinnati hupika goetta, nyama ya nguruwe iliyoongezwa oti ili itoshe watu wengi. Nafaka hii ilizoea kukaa karibu na nyama muda mrefu kabla ya kuachiwa nafasi yake yote.

Waadventista walifika milima ya Upare mwaka 1903, na Gendia, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwaka 1906. Kwa hiyo mazungumzo ya kula bila nyama yana zaidi ya miaka mia kwetu. Hayakuletwa na mtandao wa simu.

Sasa turudi kwenye sufuria. Mara ya kwanza nilipojaribu, nilifanya haraka nikatumia maji ya baridi. Vidonge vilifinyangika vizuri mkononi, vikasambaratika vyote kwenye mafuta. Nilikuwa nimezilowesha oti bila kuziamsha. Punje ya oti imejaa wanga, na wanga mbichi ni chembe ngumu zilizofungamana. Joto likipita nyuzi 60 hivi, chembe hizo hunywa maji, huvimba na kuwa ute unaoganda. Mpika ugali analijua hili kwa mkono wake: unga uliotiwa kwenye maji ya vuguvugu hausimami.

Lakini wanga peke yake ungetupa ugali. Kinachoifanya oti iwe oti ni betaglukani, aina ya nyuzinyuzi iliyo kwenye kuta za chembe hai za punje, kiasi cha asilimia 3 hadi 6 ya uzito wake. Ni mnyororo mrefu wa glukosi ambao viungo vyake vimeshikana kwa namna mbili zisizofuata mpangilio mmoja. Mnyororo wenye mpangilio hujipanga sambamba na kuwa mgumu kama ukuni. Huu umepindapinda, kwa hiyo maji huingia katikati yake yakabaki humo. Ndio ule mlenda unaouona uji wa oti ukipoa. Mlenda huohuo hushikilia kidonge kisivunjike, hushikilia pia unyevu ndani yake wakati nje kunaungua, na ukifika tumboni hushika asidi za nyongo ili mwili utumie lehemu kutengeneza nyingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba gramu 3 za nyuzinyuzi hiyo kwa siku zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, mtu akila mafuta kwa uangalifu.

Mtama, ulezi na mahindi vina betaglukani kidogo mno, ndiyo maana kidonge cha ulezi kinahitaji kiazi au yai la kukifunga. Shayiri, ile ya kweli, inayo kwa wingi kama oti au kuizidi. Inalimwa Narok na kaskazini mwa Tanzania, na sehemu kubwa yake huishia kwenye chupa za bia. Jambo hilo linanisikitisha kila ninapolipa bei ya pakiti ya oti iliyosafiri bahari nzima.

Haya, na ladha? Hapa inabidi kukumbuka jambo ambalo wapishi wanalijua na walaji wanalisahau: nyama mbichi haina ladha ya nyama. Ina ladha ya chumvi kidogo na chuma, kama damu. Harufu tunayoitamani inazaliwa motoni. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi asidi amino, yaani matofali ya protini, zinavyoungana na sukari zikipashwa moto na kuzaa mamia ya viini vipya vya rangi na harufu. Ukoko wa mkate, kahawa iliyokaangwa, mahindi ya kuchoma na mshikaki ni watoto wa mmenyuko huohuo. Tofauti yao iko kwenye asidi amino ipi imekutana na sukari ipi.

Na ya nyama ikajulikana. Mwaka 1960 watafiti wa kampuni ya Unilever walipata hataza ya kutengeneza ladha ya nyama kwa kupasha moto sisteini, asidi amino yenye salfa, pamoja na sukari kama raibosi. Mnyama hakuhitajika. Msuli una vyote viwili, ndiyo maana hunukia vile. Jikoni kwetu salfa inapatikana kwenye kitunguu na kitunguu saumu, na mtu anayekaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia kabla ya kutia maji anafanya kemia ileile ya maabara. Wanaoviweka vibichi kwenye maji yanayochemka wanapoteza nusu ya kazi. Mimi nimeacha kabisa kufuata mapishi ya Kimarekani ya pale juu katika hatua hiyo; nakaanga kwanza, kama tunavyokaanga vitunguu vya pilau, hadi karibu viungue.

Harufu ni ya puani. Ulimini kuna jambo jingine, na Kiswahili kina neno lake zuri kuliko lugha nyingi: kukolea. Mchuzi uliokolea si wenye chumvi nyingi tu. Una uzito fulani unaobaki mdomoni baada ya kumeza. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Tokyo alichemsha mwani unaopikiwa supu Japani, akachuja na kuchuja mpaka akapata fuwele za kinachokoleza: glutamati. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata kiini kingine katika samaki mkavu, inosinati. Baadaye ikaonekana kwamba glutamati ikikutana na inosinati, au na guanilati inayopatikana kwenye uyoga mkavu, nguvu zao hazijumlishwi bali huzidishwa. Mama anayetia dagaa wakavu wachache kwenye mchuzi wa nyanya hakusoma hayo, ila ulimi wake uliyajua.

Asiyekula dagaa ana njia nyingine. Sosi ya soya ni protini iliyovunjwavunjwa na ukungu hadi glutamati ikawa huru; nyanya ya paketi inayo; hamira iliyokaushwa au iliyokamuliwa kuwa mchuzi mzito inayo kwa wingi. Mimi huongeza kiganja cha uyoga mkavu uliosagwa. Ndipo kidonge kinaanza kukolea kana kwamba kina asili ya damu.

Angalizo langu ni chumvi. Nusu kikombe cha sosi ya soya ya kawaida kina chumvi karibu gramu 18. Vidonge vikiwa ishirini, kila kimoja kina gramu moja kasoro, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mtu akila vitatu amekwisha kula zaidi ya nusu ya mgao wake, kabla hata ya kachumbari yenye chumvi. Kwa hiyo napunguza sosi kwa nusu na kuuachia uyoga, nyanya na kitunguu kilichoungua kazi iliyobaki.

Kuna mahali ambapo oti hazifiki, na ni vyema kusema wazi. Msuli ni nyuzi ndefu zilizofungwa mafungu mafungu. Meno yanapozikata yanahisi zinakataa kidogo. Oti hazina nyuzi za namna hiyo. Protini yake nyingi ni globulini, za mviringo, zisizovutika kama gluteni ya ngano. Hivyo zinaweza kuwa kababu, katlesi, mipira ya kwenye mchuzi, hata kujaza sambusa, lakini haziwi mshikaki wala nyama choma, na anayezilazimisha huko atazichukia bure. Rangi nyekundu nayo ni ya heme, kiini chenye chuma kinachobeba oksijeni. Kampuni ya Impossible Foods, iliyoanzishwa mwaka 2011, iliichukua heme kutoka protini ya mizizi ya soya, ikaizalisha kwa hamira, na burger yake ikaingia migahawani mwaka 2016. Jikoni hatuna tangi la hamira la namna hiyo. Kiazisukari chekundu kitatoa rangi, si ladha.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye lishe. Kidonge kimoja kina oti gramu 20 hivi, na protini isiyofika gramu 4. Kipande cha gramu 100 cha nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta kina kama gramu 26. Tena protini ya oti ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage, choroko na kunde zina laisini ya kutosha, kwa hiyo mimi huponda vikombe viwili vya maharage yaliyoiva na kupunguza oti kwa kiasi hicho. Donge linakuwa zito zaidi na jeusi kidogo, na kwa maoni yangu tamu zaidi. Chuma cha nafaka mwili hukichukua kwa shida, hasa kukiwa na chai ya rangi mezani. Kamulia ndimu juu ya kababu na uiache chai ingojee saa moja. Vitamini B12 haimo kabisa, na aliyeacha nyama, maziwa na mayai lazima aipate kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge vya dawa.

Na wale Wasabato? Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kilianza mwaka 2002 kuwafuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika miaka ile ya ufuatiliaji, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 12 hivi kati ya wasiokula nyama au wanaoila kwa nadra, wakilinganishwa na waumini wenzao wanaokula. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba sahani peke yake ndiyo sababu. Ila ni wenye uzito, kwa kuwa walilinganishwa wao kwa wao, watu wa kanisa moja linalokataza sigara na pombe.

Vidonge vikibaki, viweke kwenye friji usiku kucha. Wanga uliovimba motoni hujipanga upya ukipoa na kukaza, kama ugali wa jana unavyokatika kwa kisu. Asubuhi vimekuwa vigumu vya kutosha kuingia kwenye mchuzi wa nazi bila kumeguka. Pika mchuzi kwanza hadi utulie, nazi ikishaiva ndipo uvitumbukize, na usiviguse kwa mwiko; tikisa sufuria tu.