Matini ya Asili katika Vitabu vya Drama na Muziki wa Kiswahili: Mafunzo kutoka Lubumbashi

Utangulizi

Vitabu vingi vinavyotegemewa na watafiti wa sanaa za maonyesho na utamaduni pendwa wa Waswahili vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa nje ya Afrika Mashariki. Kitabu cha Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni kilitoka mwaka 1975; cha Kelly Askew kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, mwaka 2002; cha Alex Perullo kuhusu muziki wa Dar es Salaam, mwaka 2011; na cha Laura Fair kuhusu hadhira ya sinema, mwaka 2018. Mchango wa kazi hizi ni mkubwa. Hata hivyo, utafiti wa aina hii unaibua swali la kimbinu: pale maneno ya wasanii yanapomfikia msomaji kwa tafsiri peke yake, atahakiki vipi hoja zilizojengwa juu yake? Makala haya yanafafanua swali hilo kwa mfano wa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mchezo usio na andiko

Mwaka 1986, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikutana mjini Lubumbashi na methali isemayo kuwa madaraka huliwa mazima. Aliwauliza maana yake waigizaji wa kundi la Mufwankolo, lililokuwa maarufu redioni na katika televisheni. Waigizaji hawakuishia kwenye maelezo. Waliigeuza methali kuwa mchezo. Walikubaliana kuhusu mtiririko wa matukio na kugawana nafasi, kisha mazungumzo yakabuniwa katika mazoezi na wakati wa onyesho.

Kitabu cha Fabian, *Power and Performance* (1990), kinaeleza mchakato huo na kuchapisha unukuzi wa Kiswahili wa mazoezi na mchezo, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Umuhimu wa unukuzi huo ni bayana. Mchezo uliobuniwa papo kwa papo hauna muswada wa kurejelewa, hivyo unukuzi ndio matini yenyewe. Kwa kuwapo kwake, mjuzi wa Kiswahili anaweza kukubaliana na mchambuzi au kumpinga kwa ushahidi uleule.

Suala la tahajia

Kuchapisha matini ya asili kunazua tatizo jingine, nalo ni Kiswahili kipi kichapishwe. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika mji wa migodi, kikigusana na lugha nyingine za Kibantu na Kifaransa. Msemaji wake husema *batoto* pale Kiswahili sanifu kinaposema *watoto*. Mhariri anayesahihisha umbo hilo hufuta ushahidi wa mahali, wa historia ya uhamiaji na wa utambulisho wa msemaji.

Mfano wa pili unathibitisha hoja hii. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Andiko hilo halikufuata kanuni za kawaida za kutenganisha maneno. Lilipoandaliwa kuchapishwa mwaka 1990, ilibidi mzawa wa lugha hiyo alisome kwa sauti ndipo maana yake ifunguke. Kilichoonekana kuwa makosa ya uandishi kilikuwa kumbukumbu ya usemi, na aliyekuwa na ufunguo wake ni msemaji, si kamusi.

Maana yake kwa sera

Matini sambamba huongeza kurasa, na kurasa huongeza gharama. Kwa sababu hiyo, matini ya asili huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kupunguzwa kitabu kinapofupishwa. Uamuzi huo wa kibiashara una matokeo ya kitaaluma, kwani wanafunzi wa drama mjini Lubumbashi, Bujumbura au Dodoma hulazimika kujifunza sanaa ya lugha yao kupitia lugha nyingine.

Hatua tatu zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, wanaofadhili utafiti waweke unukuzi wa asili kuwa sehemu ya bajeti, uchapishwe kitabuni au uhifadhiwe katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu na wasanii. Pili, wahariri wabakize maumbo ya kienyeji na kuyafafanua kwa tanbihi badala ya kuyasanifisha. Tatu, ridhaa na haki za wasanii zijadiliwe kabla ya kurekodi, kwa kuwa maneno yanayonukuliwa ni kazi yao.

Hitimisho

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo, yenye makao yake Zanzibar, sasa inahudumia eneo ambamo Kiswahili kina sura nyingi zaidi. Usanifishaji una nafasi yake shuleni na ofisini. Katika kuhifadhi drama, nyimbo na vipindi vya redio, uaminifu kwa usemi wa wasanii ndio unaotangulia. Tafsiri mbovu yaweza kurekebishwa na kizazi kijacho iwapo matini ya asili ipo. Isipokuwapo, hakuna cha kurekebisha.