Roshani ya Kukaa Usiku

Wateja vijana siku hizi hunijia na picha kwenye simu: roshani ndogo za fleti za London au Chicago, zimejaa mishumaa, mawe ya kung'aa, michoro ya mwezi na mafungu ya majani makavu yaliyoning'inizwa. Huko mtindo huu huitwa wa kichawi, na unapendwa kwa sababu unaipa siri kona ya futi chache tu. Wanataka hali hiyohiyo Upanga, Kilimani au Nyali. Huwa nawajibu kwamba inawezekana, tena kwa fedha kidogo kuliko wanavyodhani, mradi waache kwanza ile orodha ya vitu vya kununua. Kinachoifanya roshani iwe na fumbo ni mwanga uliopunguzwa, harufu ambayo mgeni hajui inatoka wapi, na ua linalofunguka watu wengine wakiwa wamelala. Roshani ya namna hii hupangwa kwa ajili ya saa zinazoanzia magharibi, na kila uamuzi hutokana na hapo.

Mfikirie jirani kwanza

Roshani ni sehemu ya nyumba inayoonekana na watu ambao hawataingia ndani. Kwetu uchawi si pambo. Usukumani kuna bibi waliouawa kwa kushukiwa tu, na kuna watu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa imani hizo. Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925, na Tanzania tangu 1928. Kwa hiyo mafuvu, pembe, tunguri, hirizi, au vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vilivyotundikwa pamoja vinaweza kuzua maneno kwenye ngazi za jengo. Maneno hayo hayamwangukii aliyepamba peke yake. Yanaweza kumwangukia mama mzee aliyekuja kutoka kijijini kumsalimia mwanawe, au dada anayefanya kazi humo ndani. Mimi siviweki vitu hivyo, na namshauri msomaji asiviweke.

Wala hatupungukiwi. Pwani yetu ina utamaduni mkongwe wa nyumba zenye fumbo usiomtisha mtu. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa ndani huchongwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zikawekwa vyombo vya kaure vinavyodaka mwanga mdogo wa chumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar una jengo la Old Dispensary, lililokamilika 1894, ambalo roshani zake za mbao zilizochongwa zina vioo vya rangi, na mwanga ukipita hapo huteremka sakafuni kwa vipande vya rangi. Ongeza chetezo cha udi na kikuba cha asumini, na utakuwa na malighafi zote za roshani unayoitamani.

Jicho linavyoona magharibi

Jua letu huzama upesi. Karibu na ikweta giza huingia katika muda wa nusu saa hivi, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako machweo ya kiangazi huchukua muda mrefu. Katika nusu saa hiyo jicho hubadili namna yake ya kuona. Chembe zinazotuonyesha rangi mchana hupumzika, na zile za gizani hushika zamu. Chembe hizi za gizani karibu hazioni wekundu kabisa, lakini huhisi sana mwanga wenye ukijani na usamawati. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza badiliko hili katika karne ya 19, na hadi leo linajulikana kwa jina lake.

Kwa mpambaji, maana yake ni hii: waridi jekundu lililotamba mchana ndilo la kwanza kupotea, likawa doa jeusi. Maua meupe, samawati iliyopauka na majani yenye utando wa fedha huendelea kuonekana, na kwa dakika chache huwa kana kwamba yanatoa mwanga wao wenyewe. Kule Sissinghurst, Uingereza, karibu na mwaka 1950, mwandishi Vita Sackville-West alipanda bustani nzima ya maua meupe na majani ya fedha, na uzuri wake hasa huonekana giza linapoingia. Roshani ya mita moja kwa mbili inaweza kufuata kanuni hiyohiyo kwa vyungu vitano.

Ili weupe uonekane, nyuma yake pawe na kiza. Mwenye nyumba akiruhusu, paka ukuta mmoja rangi ya buluu ya nili au kijani kizito. Asiporuhusu, tundika mkeka wa ukindu uliotiwa rangi nzito, au pazia la mianzi. Sehemu nyingine zote ziache zilivyo, kwa sababu nafasi ndogo ikipakwa rangi nzito pande zote hubana kifua.

Mimea inayofanya kazi usiku

Maua mengi ya usiku ni meupe na yana harufu kali kwa sababu moja: yanawaita nondo. Gizani rangi nyingi hufifia, hivyo ua humwongoza nondo kwa harufu na kwa weupe wake.

Wa kwanza kupanda ni asumini, ile ya Jasminum sambac ambayo mama zetu wa pwani huitungia vikuba. Alasiri utakuta matumba yamefumba, magumu, yamejipanga matatu-matatu kwenye ncha za matawi. Wanaotunga vikuba huyachuma wakati huo, kabla hayajafunguka, ili yafungukie kwenye nywele au juu ya mto. Ukiyaacha mtini yatafunguka usiku na kuijaza roshani harufu. Asumini hutoa maua kwenye matawi machanga, kwa hiyo kila wimbi la maua likiisha kata ncha bila huruma, nayo itachipua na kuchanua tena. Inahitaji jua la nusu siku na chungu chenye upana usiopungua sentimita 30.

Wa pili ni Epiphyllum oxypetalum, ambaye wengi humwita malkia wa usiku. Ni wa jamii ya kaktasi, asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako huishi juu ya miti mingine. Ndiyo maana hataki jua kali wala udongo unaotuamisha maji. Mashina yake ni bapa, mtu hudhani ni majani. Tumba huchomoza ukingoni mwa shina na kuning'inia, halafu siku zikikaribia shingo yake hupinda kuelekea juu kama ndoana. Ukiiona shingo hiyo, waalike wageni. Giza likishaingia petali hufunguka pole pole, kiasi kwamba aliyeketi karibu huziona zikisogea, na ua hufikia upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kabla ya alfajiri huwa limekwisha kunyauka. Kipande cha shina kilichokatwa na kupandikizwa kitakupa ua baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo mwombe jirani kipande mapema.

Kwa roshani isiyopata jua unafaa mmea wa kwetu. Saintpaulia, unaouzwa duniani kwa jina la urujuani wa Afrika, asili yake ni misitu ya milima ya Usambara na Uluguru. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Tafuta ile yenye maua meupe. Inunue kitaluni na usiing'oe msituni, kwa kuwa huko imebaki michache. Mwingine usiosumbua ni Chlorophytum, ule wa majani marefu yenye mstari mweupe: huvumilia kivuli, hutoa watoto wanaoning'inia, na hauna sumu kwa mtoto wala paka.

Tabianchi nayo ina usemi. Lavanda na rozimari zinastawi Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, lakini joto la unyevu la Dar es Salaam na Mombasa huziozesha mizizi. Pwani panda mrehani, mchaichai na kivumbasi, ambavyo hutoa harufu kila nguo inapovigusa. Roshani inayopigwa na upepo wa chumvi ipewe bogenvilia nyeupe.

Kuna mimea ambayo vitabu vya mtindo huu huisifu na mimi naikataa. Mnanaha na ndugu yake mwenye maua makubwa yanayoinama chini, Brugmansia, ina atropini na skopolamini, sumu zilezile zilizoipa mimea ya wachawi wa Ulaya sifa yake ya kale. Mtoto akila mbegu zake anaweza kufa. Oleanda nayo ni sumu kuanzia jani hadi mzizi. Kichaka ambacho Wahindi wa pwani hukiita raat ki rani kinafaa uani, si kwenye roshani: harufu yake karibu na dirisha huumiza kichwa, na matunda yake yana sumu.

Taa ziwe chini

Kosa linaloharibu roshani nyingi ni taa moja ya dari yenye mwanga mweupe. Inafuta vivuli vyote, na vivuli ndivyo tunavyovitafuta. Izime. Weka taa mbili au tatu ndogo chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, moja nyuma ya chungu ili majani yachore kivuli ukutani. Chagua balbu yenye mwanga wa manjano, kelvini 2,200 hadi 2,700. Mwanga huo pia huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza vizuri, kwa hiyo mwombe mgeni aweke simu mfukoni, naye ataona mara mbili ya alichokiona alipoingia.

Fanusi la bati lililotobolewa ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na wa Gerezani jijini Dar es Salaam wanaweza kukutengenezea kwa mchoro wako. Mwambie fundi atoboe matundu madogo mengi kuliko makubwa machache, na atobolee kutoka ndani kwenda nje, ili kingo za matundu zidake mwanga. Ukiwasha ndani yake, ukuta mzima hujaa nukta. Mshumaa wa moto halisi uwashwe ndani ya kioo kirefu tu, mbali na pazia, na usiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango.

Udi, maji na uzito

Magharibi upepo wa bahari hupungua, na moshi wa udi hukaa badala ya kupeperushwa. Huo ndio wakati wa chetezo. Kiweke juu ya sinia lenye mchanga, tanguliza majivu, kisha kaa moja lililoiva, kisha kipande kidogo cha udi au ubani. Makaa yakiwa mengi udi huungua na kutoa harufu ya kuni. Kaa linapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, kwa hiyo chetezo kisiingizwe chumbani kikiwa na moto na kuachwa humo watu wakilala.

Bakuli la maji linalopokea mwezi ni pambo la kale. Kule Agra, katika bustani ya Mehtab Bagh iliyo ng'ambo ya mto mkabala na Taj Mahal, lilijengwa bwawa la pembe nane ambamo jengo lile lilionekana majini. Kwenye roshani bakuli pana la shaba linatosha, lakini kwetu maji yaliyosimama yana gharama. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi ya vyombo vidogo, pamoja na visahani vya chini ya vyungu, na huweza kutoka yai hadi mbu kamili katika siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019. Mwaga maji kila baada ya siku tatu, sugua kingo za bakuli kwa sababu mayai hugandia hapo, na jaza visahani mchanga.

La mwisho ni uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufikia kilo 30 hivi. Kanuni za ujenzi za Ulaya hupendekeza roshani za makazi zisanifiwe kubeba kilo 250 hadi 400 kwa mita ya mraba, lakini jengo la pwani lenye nondo za chuma zilizoliwa na chumvi huenda lisifikie hapo. Ukiona nyufa, madoa ya kutu au plasta inayodondoka upande wa chini wa roshani, mwite mhandisi kabla ya kupeleka chungu chochote. Vyungu vizito vikae karibu na ukuta wa nyumba, tumia vya plastiki au udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi, na kila kinachoning'inia kining'inie upande wa ndani wa ukingo, kwa sababu chini kuna watu wanapita.

Pa kuanzia

Kabla ya kununua chochote, kaa roshani kwako jioni kadhaa taa zikiwa zimezimwa. Angalia taa ya barabarani inaingilia wapi, upepo unatoka upande gani, na unapoketi macho yako yanaangukia nini. Hapo utajua pazia liende wapi na ukuta upi ubebe kiza. Tulioacha ua na baraza za nyumba za chini tukapanda ghorofani tumebakiwa na kipande hiki tu cha usiku ulio wetu, na kinastahili kutunzwa kwa bidii ileile tunayoitumia sebuleni. Asumini inunue mwezi huu, kwa sababu ndiyo inayohitaji muda wa kushika mizizi. Fanusi na mapazia yanapatikana siku yoyote.