Mbung'o na Harufu ya Mnyama

Mbung'o, nzi wa Afrika kusini mwa Sahara anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, hufyonza damu awe jike au dume, na kwa kuwa vichakani macho hayamfikishi mbali, huongozwa kwanza na harufu inayonaswa na vipapasio vyake, akaufuata upepo unakotoka mpaka alione umbo la mnyama.

Huko Zimbabwe, katika bonde la mto Zambezi, mtafiti Glyn Vale na wenzake waliwaweka ng'ombe ndani ya shimo wasikoonekana, na hewa iliyotolewa shimoni kwa feni ikawavuta mbung'o vilevile. Katika pumzi hiyo kulikuwamo hewa ya ukaa, asetoni na, kama ilivyotangazwa mwaka 1984, oktenoli, alkoholi ambayo pia huupa uyoga harufu yake.

Mkojo nao ulifichua mengi. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walibaini kuwa mkojo wa nyati huwavuta mbung'o, na kwamba ule uliochacha huwavuta zaidi kuliko ulio mbichi, kwa sababu bakteria huachilia fenoli, kemikali zenye harufu kali zilizokuwa zimefungamana na misombo mingine. Ndiyo maana huko Nguruman, kusini mwa Kenya, mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliwekewa asetoni pamoja na mkojo wa ng'ombe, ambao mfugaji haununui, na hilo lina uzito kuliko usafi wowote wa kemikali za maabara.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kuro, swala mkubwa anayeishi katika makazi yaleyale ya mbung'o lakini huumwa kwa nadra, kwani mwili wake hutoa mchanganyiko wa kemikali unaowafukuza. Mchanganyiko huo ulipoigwa na kutiwa katika vichupa vilivyofungwa shingoni mwa ng'ombe wa Kwale, pwani ya Kenya, maambukizi ya nagana yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Hata hivyo si kila mbung'o hutegeka kwa harufu. Spishi ya Unguja, *Glossina austeni*, huijali kidogo mno, hivyo ilinaswa kwa mbao zenye gundi, na ilitokomezwa kisiwani mwaka 1997 baada ya kuachiliwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi.