Kadi Husafiri, Uaminifu Hubaki Nyumbani

Mwezi Agosti mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia kuniaga. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili mjini Manchester, Uingereza, na mkobani mwake mlikuwa na kila kitu ambacho mzazi mwangalifu angemtilia: vyeti, sweta mbili nzito, na kadi mpya ya benki iliyokuwa ingali iking'aa. "Mwalimu," akaniambia, "upande wa pesa sina wasiwasi. Kadi hii inakubalika dunia nzima."

Sikumcheka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mnamo Septemba 2015 nilipokuwa nikielekea Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kuongeza masomo. Nilimketisha, nikaagiza chai, nikamsimulia yaliyonipata. Nayaandika tena hapa kwa sababu walimu wenzangu huulizwa maswali haya na wanafunzi wao kila mwaka, na aghalabu majibu tunayowapa ni ya viza na baridi.

Nilifika Leeds nikiwa na pesa. Chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo kilikuwa kimenikopesha, na walimu watatu wa shule yangu walikuwa wametia sahihi kunidhamini. Fedha hizo zilikuwa katika akaunti yangu nchini Kenya, na kadi ilikuwa mfukoni. Mwenye nyumba niliyeelekezwa kwake aliniuliza kama nina mdhamini anayeishi Uingereza. Nikasema la. Basi, akasema, nimlipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba kilikuwa cha pauni 85 kwa wiki. Hesabu ikafika pauni 2,210, yaani takriban shilingi 350,000 kwa viwango vya wakati huo. Malipo yafanywe kwa kadi, kupitia mtandao.

Niliandika nambari za kadi. Mtambo ukaniambia kwamba benki yangu imetuma nambari ya siri kwa simu yangu ili kuthibitisha kuwa ni mimi. Simu gani? Laini yangu ya Kenya nilikuwa nimemwachia mke wangu kule Kitale, ili apokee pesa za M-Pesa kutoka kwa watu waliokuwa na deni langu. Nikampigia. Akaisoma nambari ile polepole, sauti ikikatikakatika, nami nilipomaliza kuiandika muda wake ulikuwa umekwisha. Tukajaribu tena, na tena. Baada ya jaribio la tatu mitambo ya benki iliniona kuwa mwizi na kuifunga kadi.

Siilaumu mitambo hiyo. Mtu ambaye jana alikuwa Kitale akinunua mbolea, leo anatafuta kutoa shilingi 350,000 akiwa Ulaya, na hawezi kutaja nambari aliyotumiwa! Hata mimi ningemshuku. Lakini mke wangu alipokwenda benki aliambiwa kuwa mwenye akaunti sharti afike mwenyewe na kitambulisho chake. Penye miti hapana wajenzi. Nililala siku kumi na moja kwenye kochi la mwanafunzi mmoja wa Ghana ambaye hakuwa amewahi kuniona, huku nikiwawazia wale walimu watatu ambao mishahara yao ingekatwa endapo mambo yangu yangeharibika. Hatimaye ofisa mmoja wa benki alikubali kunihoji kwa simu, na swali lililoniokoa lilihusu pale nilipoitumia kadi mara ya mwisho kabla ya safari. Nilitaja duka la mbolea.

Hilo la kwanza, basi: laini ya simu iliyoandikishwa benki na isafiri pamoja na kadi, ikiwa imewezeshwa kupokea ujumbe ng'ambo, na benki iarifiwe kabla ya safari. Ni jambo dogo. Lilinigharimu siku kumi na moja.

Lakini kisa cha kadi iliyofungwa si ndicho kiini cha nilichotaka kumweleza msichana yule. Kadi zinafanana kwa sura na ukubwa, hata chapa zake huwa zile zile, ilhali zipo za aina mbili ambazo ni kama mbingu na ardhi. Kadi ya kawaida ya benki hutoa pesa zako wewe, papo hapo, katika akaunti yako. Kadi ya mkopo hutoa pesa za benki, nawe hulipa baadaye. Wengi wetu tumelelewa kuiogopa hiyo ya pili, na hofu hiyo ina msingi, kwani riba yake huweza kupita asilimia 30 kwa mwaka, na ukiitumia kutoa pesa taslimu kwenye mtambo huanza kutozwa riba siku hiyo hiyo pamoja na ada juu yake. Hata hivyo, ugenini nimekuja kugundua kwamba swali muhimu zaidi ni hili: mambo yakiharibika, ni pesa za nani zilizopotea?

Nilipopata chumba na akaunti ya pale Leeds, niliomba kadi ya mkopo. Benki tatu zilinikataa katika wiki moja. Nilidhani ni ubaguzi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa kavu kuliko hilo. Kuna makampuni nchini Uingereza, kama vile Experian na Equifax, yanayoweka rekodi za namna kila mtu anavyolipa madeni yake, na benki huyauliza kabla ya kukopesha. Mimi nilikuwa nimelipa mikopo mitatu ya ushirika bila kuchelewa hata mwezi mmoja, lakini rekodi za Kenya hazivuki bahari. Sikuwa na sifa mbaya. Sikuwa na sifa yoyote. Tena kila ombi nililopeleka liliacha alama katika rekodi, hivyo benki ya tatu iliona mtu asiyejulikana anayebisha hodi kila mlango kwa pupa.

Jambo hili lilinichoma zaidi kila nilipopita katika soko la Kirkgate, pale pale Leeds. Mwaka wa 1884 mhamiaji mmoja Myahudi kutoka himaya ya Urusi, Michael Marks, aliyekijua Kiingereza kwa shida, alianzisha kibanda cha vitu vya peni moja katika soko hilo. Mtaji wake ulitokana na mkopo wa pauni 5 aliopewa na mfanyabiashara wa jumla aitwaye Isaac Dewhirst. Kutokana na kibanda hicho likazuka duka la Marks & Spencer. Dewhirst hakuwa na rekodi za kutazama. Alimtazama mtu usoni. Nilijiuliza mara nyingi mgeni yule angepata nini leo, akijaza fomu niliyojaza mimi.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja Mkenya, muuguzi, aliyeishi huko kwa miaka mingi. "Mwalimu," akaniuliza, "umejiandikisha kupiga kura?" Nilidhani amenielewa vibaya. Akanieleza kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kihalali nchini Uingereza wana haki ya kupiga kura huko, na kwamba benki huangalia daftari la wapigakura ili kuhakikisha kuwa mtu huyo yupo na anwani yake ni ya kweli. Nikajiandikisha. Ndivyo ilivyotokea kwamba tarehe 23 Juni 2016 mimi, mwalimu wa Kitale, nilipiga kura ya kuamua iwapo Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, ilhali jirani yangu Mpoland aliyeishi pale kwa miaka tisa hakuruhusiwa. Nilichagua upande upi si hoja ya leo.

Kadi ya mkopo niliipata mwezi Machi mwaka huo, yenye kikomo cha pauni 200 tu. Dada yule alinifunza kuinunulia vitu vya kawaida, mkate na maziwa, na kulipa deni lote kila mwezi kabla ya riba kuanza. Kisha akanifunza la pili. Nilitaka kununua kompyuta ya mkononi kwa pauni 310. Akaniambia nilipe pauni 60 kwa kadi ya mkopo na zilizosalia kwa kadi ya kawaida. Niliona ni usumbufu mtupu, lakini nilitii. Kompyuta haikufika. Duka lilifunga biashara, simu zikawa haziiti. Sheria ya Mikopo ya Wateja ya Uingereza ya mwaka 1974, katika kifungu chake cha 75, huiwajibisha kampuni ya kadi ya mkopo pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyopita pauni 30,000, hata kama ni sehemu tu ya bei iliyolipwa kwa kadi hiyo. Nilirudishiwa pauni 310 zote. Mwanafunzi mwenzangu aliyenunua dukani humo, akalipa zote kwa kadi ya kawaida, aliambiwa kuwa benki ingejaribu tu kumwombea, maana sheria hiyo haikumhusu. Niliporejea Kenya alikuwa bado anangoja.

Msichana alisikiliza yote haya, chai ikapoa. Aliandika mambo machache, akauliza la mwisho: akija likizo Nairobi na kadi ya Kiingereza, na mtambo wa ATM umwulize iwapo akatwe kwa pauni au kwa shilingi, ajibu nini? Shilingi, nikamwambia, daima fedha ya mahali ulipo. Ukichagua pauni, kiwango cha kubadilishia hupangwa na wenye mtambo, nao hawajisahau.

Juzi alinipigia. Kadi yake ya Kenya imemnunulia mkate bila matata, na laini yake ya simu imepokea nambari. Ombi lake la kadi ya mkopo limekataliwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetusiwa. Nilimwuliza kama amejiandikisha kupiga kura.